Kompyuta Isiwe Mtihani wa Kwanza

Kwenye kipindi kilichopita nilisema Tanzania ihamishe mitihani yote ya sekondari kwenye kompyuta, karatasi imepitwa na wakati. Mmoja wenu akaniuliza, "Wewe shule ya kata unaijua au unaisikia?" Haya, nimekubali. Leo narekebisha kauli yangu.

Mimi SAT nilifanya 2024, mwaka ambao hapa Marekani ilihamia kwenye kompyuta moja kwa moja. Saa 2 na dakika 14, na mashine haikunisumbua hata kidogo. Si kwamba nina akili sana. Shule ilinipa kompyuta tangu darasa la sita, na kabla ya mtihani nilishajipima mara nne kwenye programu ileile. Hata intaneti ikikatika katikati, unaendelea tu.

Sasa njoo Newala. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha tatu na kwa biolojia anaongoza darasa. Likizo iliyopita nilimpa kompyuta yangu aandike jibu moja. Akaniuliza, "Dada, mbona herufi zimevurugwa hivi?" Aya moja, karibu nusu saa! Kwa kalamu ni dakika tano. Huo ungekuwa mtihani wa biolojia kweli, au wa kutafuta herufi?

Kidato cha Nne bado wanafanya kwa kalamu, na kwa sasa ni afadhali. Wengi kule hukutana na kompyuta steshenari, wakiomba chuo au mkopo mtandaoni, na anayebonyeza ni mwenye steshenari.

Tusiseme ni woga wa bure. Nigeria mtihani wa kuingia chuo kikuu uko kwenye kompyuta tangu 2015. Miaka kumi baadaye, 2025, hitilafu ya mfumo iliwaharibia watahiniwa 379,997 wa Lagos na majimbo matano ya kusini mashariki, ikabidi waitwe kurudia. Mkuu wa bodi aliomba radhi huku akilia. Kama Lagos yanatokea hayo, kijijini itakuwaje?

Najua mtasema, tusubiri mpaka lini? Ni kweli, kumnyima mtoto kompyuta nako ni kumwacha nyuma. Ila mpangilio ni muhimu: kwanza umeme wa uhakika na mwalimu, halafu miaka miwili ya mazoezi kwenye programu itakayotumika, ndipo mtihani. Na shule ambayo haijawa tayari ibaki na karatasi, bila mwanafunzi kupoteza alama.

Na sisi huku tujiangalie. Shuleni kwa mdogo wangu kuna kompyuta sita, zimefunikwa kitambaa, chumba kimefungwa. Mbili zilitoka Columbus, kwenye mchango niliouendesha mimi. Tulipiga picha tukicheka siku ya kuzipakia. Hakuna aliyeuliza nani atafundisha, wala zikiharibika nani atazitengeneza. Nilipomuuliza mdogo wangu angependa tumletee nini, hakutaja kompyuta. Alisema, "Mtu wa kutufungulia."

Kwa hiyo mwaka huu napendekeza tusitume mashine hata moja. Tuongee na mkuu wa shule, tuchange posho ya mwalimu wa Jumamosi na fundi wa kupita kila muhula. Mnaonaje? Wenye ndugu walimu, waulizeni kwanza, halafu mniambie kabla hatujarekodi.