Kabla ya Kununua Elementi, Pima Stima

KANDO YA TANA
Na Khadija Muhumed

Jirani yangu wa Bulla Iftin amebadilishiwa elementi ya dispensa yake ya maji, ile yenye friji ndogo chini, mara mbili tangu Ramadhani. Juzi fundi aliondoka na pesa zake, ikaja chai ya magharibi, na majani yakaelea juu ya kikombe bila kutoa rangi. Alfajiri iliyofuata, bomba lile lile lilitoa maji ya kuunguza midomo. Jibu la tatizo lake limo humo. Dispensa inayopata moto alfajiri na kushindwa magharibi haina ubovu wa elementi. Kilichopungua nguvu ni stima inayoingia nyumbani.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningependa kila nyumba ya Garissa iijue. Elementi ya wati 500 ikipewa volti 240, hutoa lita moja ya maji kutoka nyuzi 30 hadi 90 kwa dakika nane na ushee. Volti zikishuka hadi 180, wengi hudhani joto limepungua kwa robo. Sivyo. Joto la elementi huenda na volti zikizidishwa kwa zenyewe, kwa hivyo zile wati 500 hubaki kama 280 tu. Dakika nane zinageuka robo saa, tena iwapo hakuna mtu aliyegusa bomba. Na tangi la maji moto ndani ya mashine hizi ni dogo, mara nyingi lita moja hivi. Wageni wakishaanza kupokezana vikombe, kila anayefungua bomba anaingiza maji baridi mahali pa yale aliyochota, na elementi iliyonyongeka haiwezi kuyakimbiza.

Kwa nini magharibi? Kwa sababu mji huu haupoi jua likizama. Watu wanarudi nyumbani, kila chumba kinawasha feni, wenye uwezo wanawasha eisi, friji zinanguruma, na mzigo wote unaning'inia kwenye transfoma moja ya mtaa ambao umeongezeka nyumba mwaka hadi mwaka. Aliye mwisho wa laini ndiye anayepata makombo. Akiongeza na waya mwembamba wa ekstensheni uliozungushwa nyuma ya kabati, amejipunguzia tena.

Kuna na gadi ya friji, kile kisanduku ambacho wengi tumeambiwa tuchomekee mashine ili kompresa isiungue. Ni kitu kizuri na sishauri mtu akiondoe. Lakini kazi yake ni kukata stima volti zinaposhuka mno, kisha kungoja dakika kadhaa kabla ya kuirudisha. Stima ikipanda na kushuka jioni nzima, gadi inakata na kungoja, inakata na kungoja, na maji yanabaki vuguvugu. Taa ya gadi itakuambia. Iangalie kabla hujampigia fundi simu.

Ikiwa maji hayapati moto saa zote, alfajiri na adhuhuri pia, hapo sasa mashine yenyewe ina neno. Nyuma yake kuna swichi ya maji moto peke yake, na watoto au anayefagia huizima bila kujua. Swichi ikiwa sawa, chomoa plagi, acha tangi lipoe, kisha fundi atafute thamostati ya usalama, yenye kitufe kidogo cha kubonyeza. Hufyatuka tangi likipata moto likiwa kavu, na hili hutokea sana kwetu: mtungi umeisha, mwenye nyumba amesafiri, swichi imeachwa. Mtungi mpya ukiwekwa, fungua bomba jekundu mpaka maji yatoke ndipo uwashe.

Halafu maji yenyewe. Ndugu zetu wa Wajir wanaochota visimani kwenye ardhi ya mawe ya chokaa wanajua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huo huo huivaa elementi, ukazuia joto lisifike kwenye maji na kuidanganya thamostati. Ndimu ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, ikaachwa tangini kwa muda kisha ikamwagwa kupitia kizibo cha nyuma na tangi kusuuzwa vizuri, huondoa sehemu kubwa.

Elementi ndiyo iwe ya mwisho kulaumiwa. Ile ya wati 500, ikipimwa kwa multimita plagi ikiwa imechomolewa na waya zake zimefunguliwa, inapaswa kusoma omu 115 hivi. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma hivyo, ni nzima, na anayetaka kukuuzia nyingine hajapima. Fundi asiye na multimita asifungue mashine yako. Tuna North Eastern National Polytechnic hapa mjini, vijana wetu wanasomea umeme. Tuwape kazi hawa.

Ninalolisema kwa uzito zaidi linawahusu watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya unga ya mtoto yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Maji ya dispensa iliyochoka hayafiki hapo, ingawa mkono unaweza kuyaona ya moto. Kaunti hii, kambi za Dadaab zikiwemo, ilipigwa na kipindupindu katika mlipuko ulioanza Oktoba 2022. Mama mwenye mtoto achemshe maji ya maziwa kwa birika, jikoni, mpaka yatokote, hata kama taa ya kijani ya dispensa inawaka.

Huwa naulizwa, inakuwaje tukose volti na kituo cha sola cha megawati 50 kimezinduliwa hapa Garissa Desemba 2019? Kituo kile humimina stima kwenye gridi ya taifa, na magharibi jua limeshazama. Megawati hazitatufaa kitu kama transfoma ya mtaa ni ndogo. Hiyo ndiyo ya kudai, na kudai kwake kunahitaji vipimo. Wenye nyumba wa laini moja wapime volti alfajiri na saa mbili usiku kwa juma zima, waandike, watie sahihi, wapeleke pamoja kwa kampuni ya umeme na nakala kwa mwakilishi wa wadi.