Msifukie kabla mkaguzi hajaona kiungo

Ghorofa ikijengwa Mwakingali au Sikujua, kila mtu anataka kujua kuhusu msingi, nondo na slebu. Manholi ya maji taka haina mwenyewe: hufukiwa jioni ileile, na kesho yake bodaboda zimeegeshwa juu.

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Voi. Ninachodai kwa kaunti ni kimoja: bomba la plastiki linapoungana na la zege au la chuma, pasifukiwe kabla mkaguzi hajapaona. Hasa kwenye manholi ya kushukia, ambako bomba liingialo liko juu sana kuliko litokalo, na maji huteremshwa kwa bomba la wima.

Hapo ndipo vipimo hugombana. Plastiki ya milimita 160 hupimwa kwa nje, zege ya milimita 150 kwa ndani. Basi moja haiingii ndani ya nyingine, na kwenye kola ya zege plastiki inapwaya. Fundi mwenye haraka hujaza pengo kwa gunia na simiti. (Nimeyafukua magunia hayo, maandishi yalikuwa bado yanasomeka.)

Simiti haishiki plastiki laini, na joto linapopanda na kushuka plastiki hutanuka na kunywea mara kadhaa zaidi ya zege. Ufa hauna budi kutokea. Tena maji yakiporomoka hutibua ile gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo bakteria kwenye kuta zenye unyevu huigeuza kuwa asidi ya salfa, na asidi hiyo hula simiti. Kiraka chenyewe ndicho chakula chake.

Dawa ipo: kiungo cha mpira kinacholingana na mabomba yote mawili, kibanwe kwa mikanda ya chuma kisichoshika kutu. Ukutani mwa manholi, plastiki ivalishwe pete ya mpira, au ipakwe gundi na kumwagiwa mchanga ili simiti ipate pa kushika. Bomba jeusi la HDPE usilipake gundi ya PVC, haitashika. Hilo huunganishwa kwa joto.

Wenye majengo huniambia mpira ni ghali. Lakini kinachovuja huteremka ardhini na kinaweza kufika mtoni, na Mto Voi unaelekea Tsavo Mashariki, kwenye bwawa la Aruba. Kupima kiungo kabla ya kufukia ni kuziba bomba, kulijaza maji na kuangalia kama yanapungua. Aliyekuja kukagua slebu anaweza kungoja.