Fundi wa Sola na Mvua ya Kwanza

Kosa ninalolisimulia hapa ni langu, na gharama yake ilibebwa na mama lishe mmoja wa machimboni. Nalisimulia kwa sababu naamini ni kosa la wengi wetu tunaojiita wasomi wa nchi hii.

Nilikuwa mkoani Geita kwa ajili ya utafiti juu ya maisha ya wachimbaji wadogo. Katika kambi moja pembezoni mwa machimbo ya Nyarugusu nilimkuta kijana mmoja, fundi wa simu, ambaye chini ya turubai lake alikuwa akiunda paneli za jua kwa mikono yake. Seli alikuwa akiagiza kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, nyingine akizitoa kwenye paneli zilizopasuka. Alizipanga 36, safu nne zenye seli tisa tisa, akaziunganisha kwa lehemu moja baada ya nyingine. Kila seli hutoa takriban nusu volti, hivyo 36 hutosha kuchaji betri ya volti 12. Juu aliweka kioo cha dirisha, nyuma ubao wa plaiwudi, pembeni fremu ya alumini. Nilishangaa, kwani kijana huyu hakupita chuo chochote.

Aliponizoea aliniuliza, "Mwalimu, ninyi mliosoma, niweke nini hapa pembeni ili mvua isiingie?"

Mimi hufundisha siasa na maendeleo. Nilipaswa kumjibu, "Fundi, hilo silijui, ngoja nimuulize anayejua." Badala yake nilimjibu kwa sauti ileile ninayoitumia mbele ya wanafunzi wangu: "Tumia silikoni, ile ya mabafuni. Maji hayapiti." Alinishukuru, akafanya kama nilivyosema. Paneli hiyo aliiuza kwa mama lishe wa jirani, aliyelipa kwa fedha aliyoipokea zamu yake ilipofika kwenye mchezo wa kikundi chao. Aliitaka kwa taa za kupikia alfajiri na kwa kuchaji simu za wachimbaji kwa malipo kidogo.

Nilirudi baada ya msimu wa mvua. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Nyuzi za shaba zinazounganisha seli zilikuwa zimegeuka kijani, na mahali pengine lehemu imeachia kabisa. Mama lishe alikuwa akipikia kwa tochi. Alimwambia fundi mbele yangu, bila hasira, "Mwanangu, sola yako imekunywa maji." Fundi aliinamisha kichwa. Hakunitaja, nami sikujitaja. Ukimya ule bado unanisumbua.

Niliporejea chuoni nilimwendea mwenzangu wa uhandisi. Maelezo yake yalichukua nusu saa, na kila sentensi ilikuwa kitu ambacho fundi yule angekielewa papo hapo, pengine upesi kuliko mimi.

Kwanza, silikoni ya mabafuni hutoa harufu ya siki inapokauka kwa sababu kweli hutoa asidi ya siki. Asidi hiyo hula shaba na lehemu. Kwa hiyo nilimshauri fundi afungie adui ndani ya nyumba na kisha akaze mlango. Ipo silikoni nyingine isiyo na asidi, ambayo huuzwa katika mirija inayofanana na ile ya kwanza. Tofauti iko katika maandishi madogo ya pembeni, na katika pua ya mnunuzi.

Pili, paneli yenye nafasi ya hewa ndani hupumua. Mchana hewa huota moto, hutanuka na kujipenyeza nje. Jioni hupoa, husinyaa, na kuvuta hewa mpya kutoka nje, hewa iliyobeba unyevu wa usiku. Unyevu huo hugeuka matone chini ya kioo. Siku moja haina madhara makubwa, lakini msimu mzima wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, katika mkoa unaopakana na Ziwa Viktoria, hutosha kuua kazi ya wiki mbili.

Tatu, plaiwudi hunywa maji kwa nyuma ambako hakuna anayetazama, nayo ikizibwa kwa mbele tu hugeuka tangi. Isitoshe, ni kitu kinachoweza kushika moto lehemu ikiachia na cheche zikaruka. Nne, tundu la kutolea nyaya likielekea juu huwa mfereji.

Viwandani tatizo hili hutatuliwa kwa kutoacha hewa hata kidogo: seli hubanwa katikati ya karatasi za plastiki angavu, hewa ikanyonywa, kisha plastiki ikayeyushwa kwa joto la nyuzi 150 hivi hadi vyote viwe kitu kimoja. Fundi wa turubai hana mashine hiyo, lakini anaweza kuikaribia. Asafishe mabaki ya dawa ya kulehemia, kwani nayo hula chuma. Aanike kila kitu juani hadi kikauke kabla ya kufunga, na asifunge siku ya mawingu. Azimiminie seli zenyewe silikoni angavu isiyo na asidi hadi zizame, badala ya kuziba kingo pekee. Nyuma aweke kioo au bati la alumini lililotengwa na umeme, wala si ubao. Nyaya zitokee chini, zikining'inia kidogo ili tone lidondoke kabla ya kufika kwenye tundu. Na paneli iinamishwe, isilazwe. Paneli ya namna hiyo haitadumu miaka 25 kama ya kiwandani, lakini inaweza kuuvuka msimu ambao ya kwanza haikuuvuka.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Elimu yote niliyoieleza hapo juu inaingia katika ukurasa mmoja. Kwa nini basi haikumfikia mtu anayeihitaji kuliko wote?

Wapo watakaosema fundi huyu hapaswi kuwepo, kwamba anauza bidhaa isiyo na kiwango na Shirika la Viwango limzuie. Naiheshimu hoja hiyo, maana mama lishe alipoteza fedha ya kweli. Lakini ukimfukuza fundi, mteja wake hatakwenda kwenye duka lenye nembo ya ubora. Atanunua paneli nyepesi ya mnadani isiyo na jina la mtu wa kumlalamikia. Maji huingia katika hiyo pia.

Wengine watasema umeme wa gridi unakuja. Ni kweli, na Wakala wa Nishati Vijijini umefanya kazi kubwa tangu ulipoanza mwaka 2007. Hata hivyo, anayeijua kambi ya dhahabu anajua kwamba kambi hailali mahali pamoja. Ikitokea rashi mpya upande mwingine wa kilima, watu huhama na maturubai yao, na nguzo hubaki zikiangaza mashimo matupu. Nguzo haikunjwi ikabebwa kichwani. Paneli hubebwa.

Wengine watauliza, na hili ndilo swali zito zaidi: paneli za kiwandani zimeshuka bei mno, kwa nini tuhangaike na za kuunda kwa mkono? Ninakubali kwamba anayeweza kununua paneli nzuri na anunue. Lakini paneli nzuri nayo hupasuka, hudondoshwa kutoka kwenye pikipiki, hupigwa na jiwe kutoka kwenye karasha. Ikipasuka huendelea kutoa umeme hadi mvua ya kwanza, kisha hutupwa, na risasi iliyomo kwenye lehemu yake huingia katika ardhi ambayo tayari imebeba zebaki ya kutosha. Fundi anayejua kuzuia maji ndiye anayeweza kuiokoa paneli hiyo. Ujuzi wa kuunda na ujuzi wa kuponya ni kitu kimoja.

Kinachoniuma ni ulinganifu wa mambo. Mkataba wa kujenga mtambo wa umeme wa jua katika Wilaya ya Kishapu, Shinyanga, ulisainiwa mwaka 2023: mpango ni megawati 150, awamu ya kwanza megawati 50. Nauunga mkono bila kusita. Ila tujiulize: paneli maelfu kwa maelfu zikipangwa katika mkoa huo, ni vijana wangapi wa Kishapu, Kahama na Geita watakaokuwa wamefundishwa kinachoifanya paneli iishi au ife? Tukileta jua la kiwandani bila maarifa yake, tutakuwa tumenunua taa na kuacha kiberiti dukani.

Shinyanga yenyewe ina funzo la kutuelekeza. Mwaka 1986, ardhi ya mkoa huo ikiwa imechakaa na miti imekwisha, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Siri ya mafanikio ya mradi huo ni kwamba ulijengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho wakati wa mvua ili lije kutumika kiangazi. Wataalamu walikikuta kitu ambacho wananchi walikuwa nacho, wakakiongezea kile ambacho hawakuwa nacho. Miti ilirudi, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Fundi wa Nyarugusu ni ngitili ya aina yake. Kwa nini tumtazame kama tatizo?

Wala hatuwezi kusema kwamba watu wasiosoma hawafundishiki mambo haya. Kaskazini Unguja, katika chuo cha Barefoot cha Kinyasini, wanawake wa vijijini wenye elimu ndogo ya darasani hufunzwa kwa miezi kadhaa kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, kisha hurudi kuwasha taa katika vijiji vyao. Kinachowezekana Unguja kinawezekana Geita.

Napendekeza mambo matano. VETA iandae kozi fupi ya wiki mbili juu ya uundaji na ukarabati wa paneli, ifundishwe huko huko machimboni, na zuio la unyevu liwe somo lake la kwanza. Shirika la Viwango litoe mwongozo wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa mafundi wadogo, wenye picha, ukieleza silikoni ipi na ubao upi, kabla ya kuwaza faini. Halmashauri zitumie ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuviwezesha vikundi vya mafundi hawa kununua vifaa sahihi. Na mpango wa kila mwaka wa wajibu kwa jamii, ambao sheria ya madini tangu mwaka 2017 inazitaka kampuni za uchimbaji kuuandaa na kukubaliana na halmashauri, uwe na kifungu cha ufundi mbali na madarasa na madawati. Tano, kila fundi aandike nyuma ya paneli jina lake na tarehe ya kuifunga. Heshima ya fundi huanzia pale anapoweza kutafutwa.

La sita linatuhusu sisi wa vyuoni. Tumezoea kuandika kuhusu watu wa machimbo kwa lugha wasiyoisoma, katika majarida wasiyoyaona. Na tunapokutana nao uso kwa uso, tunaona aibu kusema "sijui."

Nilirudi Nyarugusu mwezi Agosti nikiwa na mirija minne ya silikoni isiyo na asidi, vioo viwili, na karatasi yenye maelezo ya mwenzangu wa uhandisi. Nilimweleza fundi, mbele ya mama lishe, kwamba kosa lilikuwa la ushauri wangu. Mama alicheka, akasema kumbe hata walimu hupigwa na mvua. Gharama ya paneli mpya tuligawana mimi na fundi. Yeye alitoa seli na kazi. Kabla ya kuifunga aliinusa silikoni ile, akainusa tena, kisha akachukua msumari na kuchora nyuma ya fremu jina lake na tarehe. Mvua za Novemba ndizo zitakazotusahihisha.