Semeni Duka

Desemba nilikuwa nyumbani Kitendaguro, naandika tasnifu ya umahiri kwenye meza ya kulia chakula. Jirani yetu, mama mtu mzima, akaja na shilingi za Uganda alizoletewa na mwanawe kutoka Kampala. Mjini Bukoba kijana mmoja alimwambia, "Mama, peleka bureau." Mama huyu aliwahi kuishi Rwanda, ambako ibiro ni ofisi. Basi akaenda kwenye ofisi ya serikali, akakaa benchi hadi saa sita, ndipo mlinzi akamweleza kwamba anatafuta duka la kubadilishia fedha.

"Sasa mbona hakusema duka?" aliniuliza.

Niliporudi chuoni nikawasimulia wenzangu. Walicheka, kisha mmoja akatoa hukumu ya kila siku: Kiswahili bado kichanga, hakina neno moja la bureau.

Nani kasema lazima kiwe nalo? Kwa Wafaransa wenyewe neno hili lilianzia kwenye bure (si ile yetu), kitambaa kizito cha sufu kilichotandikwa mezani. Kitambaa kikaipa meza jina, meza ikakipa chumba, chumba kikawapa waliomo. Leo Mfaransa ana bureau ndani ya bureau, na akiwasha kompyuta anakuta bureau nyingine kwenye kioo. Hakuna anayemwambia lugha yake changa. Sisi tunaotenganisha meza na ofisi ndio wenye upungufu!

Tena wafasiri wetu walishaimaliza kazi hii bila makelele. Kiingereza kina bureau ya takwimu na bureau ya rushwa. Sisi tuna Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na ya rushwa ni Taasisi, ndiyo TAKUKURU. Mwaka 2019, serikali ilipofunga zile za fedha Dar es Salaam, magazeti yaliandika maduka, na kila msomaji alijua kilichofungwa ni nini.

Na ile njoo kesho, njoo keshokutwa, inayotokana na neno hilohilo, tunaiita urasimu. Msimamizi wangu anataka kila nikiandika urasimu niweke Kiingereza kwenye mabano, "ili msomaji aelewe." Msomaji yupi? Yule mama alikaa benchi nusu siku, urasimu anaujua kuliko mimi. Mara ya kwanza nilijibu, "Sawa, Dokta," nikaweka mabano thelathini na moja.

Jana usiku nimeyafuta yote. Rasimu inarudi kwake Jumatatu.