Usiuze Tustroki Yako Ndio Uonekane Umefika

Wasee, tuongee ukweli. Kuna tangazo nimeliona mara nyingi sana hadi nalijua kwa kichwa: "Tustroki inauzwa, iko fiti, sababu ya kuuza nahamia fostroki." Mtu anaandika hivyo kama amepandishwa cheo kazini. Halafu watu wanampigia makofi. Mimi sipigi. Naona kijana anauza pikipiki anayoweza kuilisha, ananunua bwana mkubwa wa kumlisha.

Kwa wale hawajui: tustroki ni injini ya mipigo miwili. Inawaka kila kranki ikizunguka mara moja, na oili unachanganya na petroli. Haina valvu wala kamshafti. Fostroki ni mipigo minne: inawaka mara moja kila mizunguko miwili, ina oili yake ndani, na juu imejaa valvu. Boxer na TVS zote za boda unazoona taoni ni fostroki, na hapo sina ugomvi. Inakula petroli kidogo, haitoi moshi wa buluu, na mtu anabeba abiria kutoka Langas siku nzima hana haja ya kupima oili kwa chupa. Kwa boda, fostroki ilishinda kihalali.

Lakini motokrosi si boda.

Hoja ya kwanza nasikia ni kwamba "mabingwa wote wako kwa fostroki." Sawa, lakini uliza walifikaje huko. Mwaka 1997 Doug Henry alishinda mbio za Supercross kule Las Vegas na Yamaha YZM400F. Mwaka 1998 akachukua ubingwa wa motokrosi wa Marekani daraja la 250 na YZ400F. Dunia ikasema tustroki imekufa. Kitu watu hawasemi ni kwamba sheria iliruhusu fostroki ya cc 400 ipambane na tustroki ya cc 250. Baadaye ikawa 450 dhidi ya 250, na 250 dhidi ya 125. Ukimpa mtu injini karibu mara mbili ya mwenzake, halafu ashinde, usiniambie ni uchawi wa valvu. Ni hesabu.

Na hao wakubwa wenyewe, watoto wao wanaanzia wapi? Mashindano ya dunia ya FIM ya vijana yana madaraja ya 65, 85 na 125, na hiyo 125 ni tustroki. Ulaya, wale wana pesa na mafundi wa kiwanda, wanaweka kijana kwa tustroki kwanza. Wewe wa Kimumu unaambiwa ni ya zamani. Na nani? Mara nyingi ni mtu ana fostroki ya kukuuzia.

Hoja ya pili: "Fostroki fundi wako kila kona." Ndiyo, fundi wa Boxer yuko kila kona, na wengi ni moto. Lakini Boxer ni mnyama mpole. Fostroki ya motokrosi ya cc 250 inazunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika, na nyingi zina valvu za titani zenye nafasi ya kupimwa kwa vipande vya milimita. Ukichelewesha oili au kichujio cha hewa kikiingiza vumbi letu jekundu, valvu zinaisha. Valvu moja ikikatika kwa spidi hiyo, inaingia kwa pistoni, inapasua kichwa cha injini, na mara nyingine kranki inaenda nayo. Sasa agiza hizo spea kutoka nje, lipa usafiri, lipa ushuru, kaa ukingoja. Msimu umeisha na wewe unaangalia mbio ukiwa kwa ua.

Tustroki nayo inaharibika, sikatai. Ukisahau oili kwa petroli, pistoni inashika. Lakini sehemu ya juu ni pistoni, ringi, pini, beringi ndogo na gasketi. Mtu mwenye vifaa vya kawaida na akili tulivu anaifungua asubuhi na jioni inawaka. Na mchanganyiko si sayansi ya roketi: kwa moja kwa arobaini, lita 5 za petroli zinataka mililita 125 za oili. Kama kitabu cha pikipiki yako kinasema kipimo kingine, fuata kitabu.

Hoja ya tatu ndiyo inaniuma zaidi, kwa sababu inauzisha watu pikipiki nzuri bure: "Tustroki yangu imechoka, inatoa moshi, inakohoa, inaua plagi." Buda, Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, karibu moja ya tano imepungua ukilinganisha na Mombasa. Pikipiki ikitoka kiwandani, kabureta yake kwa kawaida imepangwa kwa hewa nzito ya chini. Ukiileta huku juu bila kuigusa, inapewa petroli nyingi kuliko hewa, lazima ikohoe. Dawa ni kubadilisha jeti kuu, uweke ndogo, kisha uangalie rangi ya plagi. Ukishuka nayo Nairobi kukimbia Jamhuri, angalia tena. Ukiipeleka Pwani, rudisha kubwa, la sivyo itapata joto na kushika. Fostroki yenye injekta inajipimia petroli yenyewe, hiyo nawapa. Lakini hata yenyewe haiwezi kutengeneza hewa. Nguvu inapungua kwa wote.

Hebu tuangalie hapa nyumbani. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18. Vile viatu vya kaboni watu wanabishania vilikuja zaidi ya miaka kumi baadaye. Miguu ilikuja kwanza, kiatu kikafuata. Tustroki ya 125 inakufunza hivyo hivyo: haina nguvu za chini za kukubeba ukikosea, kwa hiyo unajifunza gia, klachi na kutunza mwendo kwa kona. Fostroki inakusamehe mapema sana.

Je, kuna mtu anafaa kuhama? Yupo. Kama unapigania ubingwa, una mtu wa kukusaidia na bajeti ya injini, hama. Kama mwili wako ni mkubwa na unataka nguvu za chini za kupanda milima bila kupigana na klachi, hama. Lakini kwanza jiulize swali moja: injini ikilipuka wiki hii, naweza kuijenga bila kuuza kitu cha nyumbani? Kama jibu ni hapana, bado hiyo si pikipiki yako.

Na nyinyi mnaoandaa mbio, KMSF na vilabu: wekeni daraja la tustroki na mlilinde, hata kama waliojiandikisha ni wachache. Mchezo huu tayari ni ghali. Mkiacha fostroki iwe tikiti ya mlangoni, kwa mstari wa kuanzia mtabaki na watoto wa wenye mashamba peke yao, na kijana wa Huruma mwenye kipaji atabaki nje akishika simu, akiwapiga video.

Mimi sina digrii, niliachia njiani. Lakini hesabu ya mfuko wangu naijua, na tustroki yangu haiuzwi.