Binti Yetu Si Mvivu

Ndugu Wanachama,

Miezi michache iliyopita mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alifika katika ofisi ya tawi. Hakuja kwa habari ya mshahara wala barua ya onyo. Alikuja kutuuliza kama twamjua mtu mwema mjini anayetaka msichana wa kazi ya nyumbani. Tulipomwuliza msichana huyo ni nani, alijibu: "Ni binti yangu. Ana miaka 12. Shule imemshinda. Mwalimu asema ni mvivu, mama yake asema ni mvivu, na mimi nimechoka kununua vitabu vinavyopotea."

Leo twataka kusema juu ya neno hilo moja: mvivu.

Wazee wetu waliotembea na kipande shingoni waliitwa wavivu. Walifanya kazi tangu alfajiri mpaka jua kutua, na waliowaita hivyo walikuwa wamekaa kivulini. Vyama vya wafanyi kazi vilipoundwa, vililikataa neno hilo, vikaanza kuuliza. Je, mtu huyu amekula? Mashine yake ni nzima? Amepumzika? Ameonyeshwa kazi vizuri? Mpaka leo msimamizi akiandika kwamba mwenzetu ni mvivu, mjumbe wetu hatii sahihi kabla ya kuuliza. Basi yawaje turudi nyumbani jioni, tumpe binti yetu neno lile lile bila kuuliza hata swali moja?

Sisi tulimwuliza mwenzetu. Alituambia kwamba binti yake akitumwa maji, huacha mtungi bombani akarudi mikono mitupu. Maziwa huchemka yakamwagika naye amekaa papo hapo mbele ya jiko. Ukimpa maneno matatu, hushika la kwanza tu. Darasani hasumbui mtu, hutazama dirishani. Usiku hukaa na kazi ya shule mpaka taa izimwe, kisha asubuhi akakiacha kitabu juu ya kitanda. "Lakini akipenda anaweza," baba akasema kwa uchungu. "Aweza kumsuka dada yake saa tatu bila kuinua kichwa. Basi si ni ujeuri huo?"

Ndugu, si ujeuri. Iko hali ambayo madaktari huiita ADHD. Ni hali ya ubongo, nayo humfanya mtoto ashindwe kuyaongoza mawazo yake, au kutuliza mwili wake, au kujizuia kabla ya kutenda. Mtoto huyu anayo mawazo, tena mengi. Lililo gumu kwake ni kuyapeleka pale yanapotakiwa na kuyaweka hapo. Jambo likimpendeza sana, mawazo hujishika yenyewe. Likiwa la kuchosha, huteleza kama mkanda uliolegea kwenye mashine. Fundi gani hupiga mashine kwa nyundo kwa sababu mkanda umelegea?

Wako watakaosema kwamba haya ni maradhi mapya ya matajiri. Si mapya. Mwaka 1902 daktari George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini London akawaeleza habari za watoto wa namna hii. Wala hayachagui mfuko. Hutembea katika damu ya ukoo, kama urefu wa mtu unavyotembea, ndiyo sababu mzazi akisomewa dalili za mtoto mara nyingi hujiona yeye mwenyewe. Pengine wako kati yetu wanaopokea barua za onyo kwa kusahau vyombo vya kazi, nao walipigwa kwa sababu hiyo hiyo walipokuwa wadogo. Kwa hiyo wale wanaomlaumu mama kwamba hakumlea mtoto vizuri, na wanyamaze.

Sasa twauliza: kwa nini wasichana ndio wanaosahauliwa?

Kwa muda mrefu waliotazamwa zaidi walikuwa wavulana. Mvulana mwenye hali hii mara nyingi hupanda juu ya dawati, husukuma wenzake, hukatiza mwalimu. Kila mtu humwona, na mwisho mtu humpeleka kwa daktari. Msichana naye aweza kuwa hivyo, lakini mara nyingi hali yake ni ya kimya. Hupotea katika mawazo. Au huzungumza sana, wakasema ana mdomo. Au hulia upesi, wakasema anadeka. Tena msichana hufundishwa mapema kuficha aibu. Hunakili daftari la rafiki, huamka usiku kurudia kazi mara mbili, hutabasamu mwalimu anapouliza kama ameelewa. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hushukuru kwa yule asiyepiga kelele, akampita.

Na huko nyumbani ni nani anayetumwa maji, anayeangalia chungu, anayebeba mtoto mchanga? Ni msichana. Kwa hiyo makosa yake huonekana jikoni, na jikoni hakuna anayewaza habari za daktari. Ndugu yake akisahau, watu husema, "Wavulana ndivyo walivyo." Yeye akisahau, huambiwa hataolewa. Kosa ni moja, hukumu ni mbili. Sisi tunaopigania mshahara sawa kwa kazi sawa hatuwezi kulinyamazia jambo hilo.

Madhara yake si madogo. Huko California, profesa Stephen Hinshaw na wenzake walianza miaka ya 1990 kuwafuatia wasichana 140 wenye hali hii pamoja na wengine 88 wasiokuwa nayo, mpaka wakawa wanawake wazima. Mwaka 2012 walitangaza kwamba wale wenye ADHD, hasa waliokuwa pia na haraka ya kutenda, walikuwa wamejidhuru na kujaribu kujiua zaidi kuliko wenzao. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba hafai, mwisho huamini. Na yule wa mwenzetu alikuwa karibu kutiwa katika nyumba ya wageni, aamrishwe mambo kumi kwa pumzi moja na mtu asiye mama yake. Tena sheria ya kazi ya mwaka 2007 yakataza kabisa kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 13. Tutamshitakije tajiri kwa kuajiri watoto, ikiwa watoto wenyewe twawapeleka sisi?

Lakini si kila mtoto asahauye ana ADHD. Madaktari hutaka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na shuleni, na ziwe zamzuia mtoto katika maisha yake. Kwanza macho na masikio yapimwe. Itazamwe kama anakula, kama analala, kama ana upungufu wa damu, kama ana kifafa kile cha kuduwaa, kama kuna mtu anayemwumiza. Iko kazi ya serikali ya kupima watoto wenye mahitaji maalum ya elimu, ilianza mwaka 1984, na vituo vyake vimo katika kaunti. Mwulize mwalimu mkuu au afisa wa elimu kilicho karibu nawe. Dawa pia zipo na huwasaidia wengi, lakini ni za kuandikiwa na daktari anayemfuata mtoto, si za kununua dirishani.

Mengine hayahitaji pesa. Mpe neno moja. Akilimaliza, mpe la pili. Piga msumari mmoja ukutani, mfuko wa shule utundikwe hapo kila jioni. Kazi ndefu ikatwe vipande, kati yake asimame anyoshe miguu. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, mbali na dirisha. Akifanya vema, msifu papo hapo, usingoje mwisho wa muhula.

Na fimbo iwekwe chini. Shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001. Wako wanaojitetea kwa methali, samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini methali yasema mkunje, haikusema mvunje.

Chama nacho kina kazi yake. Mzazi wa zamu ataendaje kituoni, ikiwa kila siku ya kumpeleka mtoto yakatwa katika mshahara au katika zile siku 21 za likizo? Twataka katika mapatano yajayo na mwajiri tudai siku za ruhusa, zenye malipo, kwa baba au mama anayempeleka mtoto kupimwa au kutibiwa. Twataka kamati ya akina mama ya tawi iwe na siku yake ya wazazi kuzungumza habari hizi bila kuchekwa. Na wajumbe wetu wa kiwandani wamsikilize mwanachama mwenye shida ya nyumbani kama wanavyomsikiliza mwenye shida ya kazi, kwa maana mtu ni yule yule mmoja.

Mwenzetu hakumpeleka binti yake mjini. Alibadilishana zamu na rafiki mara mbili, akampeleka kupimwa. Ana ADHD. Sasa hukaa mbele darasani, na msumari wake umo ukutani. Kalamu bado zapotea, wala hatusemi kwamba mambo yote yamekwisha. Lakini juzi baba alituambia kwamba binti alimwuliza swali moja: "Baba, kumbe mimi si mjinga?"

Ndugu wanachama, ni wangapi humu majumbani mwetu wanaongoja ruhusa ya kuuliza swali hilo? Leo jioni, kabla ya kutamka lile neno, uliza kwanza.

Umoja ni nguvu.

Sisi, Halmashauri ya Tawi