Kabla hujamwita Thabeet garasa

UKITAKA ugomvi kwenye banda umiza, taja jina la Hasheem Thabeet. Mechi itasahaulika kidogo, mmoja atasema "aah, yule si garasa tu," halafu wa pili ataleta ile hoja ya siku zote: mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimwacha James Harden, wakamwacha Stephen Curry, wakambeba Mtanzania. Kicheko. Mjadala umefungwa.

Mimi naandika soka. Kikapu nakifuatilia kwa jicho la pembeni. Lakini hili la Thabeet nimeona nilisemee, kwa sababu jinsi tunavyomhukumu yeye ndivyo tunavyowahukumu vijana wetu wa soka, na kuna watu linawaumiza.

Twende na rekodi kwanza. Thabeet amezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Kikapu alianza kukicheza akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani tayari wanafuatwa na makocha wa vyuo. Akasoma Makongo, akapata njia ya kwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Pale alikuwa moto. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, makocha wa vyuo walimtangaza mlinzi bora wa nchi nzima. Mwaka 2009 alikuwa nguzo ya timu iliyofika nne bora. Kuna mechi dhidi ya Providence alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mipira 10. Kuzuia mipira 10 kwenye mechi moja, bwana, si mchezo.

Juni 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, nyuma ya Blake Griffin tu. Harden alikuwa wa tatu, Curry wa saba. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA akawa ameingia kwa mlango wa mbele.

Halafu mambo yakaanza kwenda kombo. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis wakamshusha kwenda Dakota Wizards kwenye ligi ya chini. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa kabla yake. Kwa lugha yetu, ni kama klabu imemsajili straika kwa pesa ndefu kiangazi, halafu dirisha dogo inampeleka kwa mkopo Championship. Februari 2011 akauzwa Houston. Machi 2012 akaenda Portland. Mwaka huohuo akatua Oklahoma City ya kina Kevin Durant na Russell Westbrook, akakaa misimu miwili, muda mwingi akila benchi.

Mwaka 2014 mlango wa NBA ukafungwa. Misimu mitano, timu nne, mechi 224, wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Ni namba ndogo, wala siji hapa kuzipamba. Kama swali ni kwamba Memphis walikosea kuchagua, jibu ni ndiyo, walikosea.

Lakini hebu tuulizane: nani alichagua? Thabeet hakujichagua mwenyewe. Kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi ya kutazama wachezaji, walimtazama, wakaamua. Sisi huku tunafanya hivyohivyo kila msimu. Klabu inaleta winga kutoka nje, inampokea uwanja wa ndege kwa ngoma na mabango, wiki ya nne hajafunga, mtaani ameshakuwa garasa. Aliyemleta yuko ofisini anakunywa chai. Bei ya mchezaji na namba yake kwenye drafti ni uamuzi wa klabu, ila mzigo wa lawama anabebeshwa mchezaji peke yake.

Jambo la pili ni hesabu. Enzi hizo NBA ilikuwa na timu 30, kila moja na nafasi za wachezaji 15. Ni nafasi 450 kwa wakati mmoja, na zinagombewa na dunia nzima. Kijana aliyeanza kikapu na miaka 15, huku Curry amezaliwa kwenye nyumba ya baba aliyecheza NBA, alishika moja ya nafasi hizo kwa misimu mitano. Kama huko ni kufeli, basi mimi na wewe hatuna jina la kuitwa.

Kinachonigusa zaidi ni yaliyofuata. Baada ya NBA, Thabeet angeweza kukaa nyumbani na kusimulia historia. Akaenda Grand Rapids kwenye ligi ya chini. Kikapita kipindi cha kimya, watu wakajua ameisha. Mwaka 2017, akiwa na miaka 30, akaibukia Yokohama, Japani. Mwaka 2019 akarudi Marekani kuanza upya na Fort Wayne kwenye ligi ileile ya chini aliyoshushwa akiwa kinda. Mwaka 2020 akavuka kwenda Taiwan na kuendelea kucheza huko. Mtu aliyewahi kukaa namba mbili ya dunia anabeba begi, anakwenda kwenye mji asiojua lugha yake, anafanya majaribio na vijana wa miaka 22. Ujue hapo inahitajika ngozi ngumu kuliko kufunga kwenye fainali.

Wenzetu wana heshima kwa wachezaji wa aina hii, wale wa kuhamahama. Unamkumbuka Sebastián Abreu? Yule Mruguai aliyeichinja Ghana mwaka 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, kwa penalti ya kuchop katikati ya goli huku Afrika nzima imeshika kichwa. Abreu alipita klabu zaidi ya 25 katika maisha yake, akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Kwao hakuitwa garasa. Kwao ni mzee wa kazi, na siku timu ya taifa ilipohitaji mtu mwenye moyo wa kupiga penalti ya mwisho, alikuwepo.

Na hapa kwetu tunaye Mbwana Samatta. Simba, TP Mazembe, Genk, Aston Villa. Alipofunga Wembley dhidi ya Manchester City Machi 2020, nchi nzima ilikuwa yake. Miezi michache baadaye akaenda Fenerbahçe, na maneno yakaanza: amechemsha, amekwisha. Akapelekwa kwa mkopo Antwerp, akarudi Genk, akaenda PAOK ya Ugiriki, kisha Le Havre ya Ufaransa. Mwanaume ameendelea kuajiriwa Ulaya mwaka hadi mwaka, sisi tunahesabu mabao aliyokosa.

Sasa nije kwetu Busi, Kondoa, ambako ndiko kunakoniuma. Huku kijana akicheza vizuri UMISSETA, kijiji kizima kinamfunga jina la nyota wa Ulaya. Anachangiwa nauli, anakwenda Dodoma mjini kujaribiwa. Wengine wanafika mbali zaidi, wanapata msimu mmoja au miwili kwenye timu za daraja la chini, wanaachwa. Nawajua waliorudi na gari la usiku ili wasionekane. Nawajua ambao hawajarudi kabisa, wako mjini wanaendesha bodaboda, kiatu cha mpira kimening'inia ukutani, na ukiwauliza kwa nini hawatafuti timu nyingine wanakujibu, "Nitaanzaje, wakati nyumbani wanajua nimefeli?"

Kijana ana miaka 21. Amekataliwa na kocha mmoja. Na sisi tumeshamfungia ukurasa, kwa sababu kwenye vichwa vyetu kuna viti viwili tu, cha nyota na cha garasa. Kile cha katikati, cha mtu anayecheza kwa mkataba wa mwaka, analipa ada ya mdogo wake, anahama, anajaribu tena, hatujakiweka. Lakini wachezaji wengi duniani wamekaa hapo hapo. Wanaolipwa kwa kucheza bila ya jina lao kuimbwa ndio wanaojaza ligi zote, kuanzia Ligi Kuu yetu hadi hiyo NBA.

Utaniambia nawafundisha vijana kuridhika na kidogo. Hapana. Thabeet hakuridhika, angekuwa ameridhika asingekwenda Japani. Ninachosema ni kwamba kijana anayelenga juu afundishwe pia namna ya kuishi akitua katikati. Ajue kusoma mkataba kabla hajasaini. Awe na cheti cha shule mkononi. Awe na namba za simu za makocha watatu, si mmoja. Na ajue kwamba kuachwa na timu ni sehemu ya kazi hii, kama fundi anavyomaliza nyumba moja akatafuta nyingine.

Makocha wa mashuleni wanaweza kuanza na hili bila bajeti ya wizara. Viongozi wa klabu nao, wanapomwacha kinda, wampe barua inayosema alicheza nafasi gani, mechi ngapi na kwa nini wamemwacha. Karatasi moja tu. Itamsaidia kubisha hodi timu inayofuata badala ya kwenda mikono mitupu kama mtu aliyefukuzwa kwa wizi.

Na sisi mashabiki tuna kazi yetu. Safari ijayo kijana akishuka kwenye gari pale Busi na begi lake la mpira, usimuulize kwa nini umerudi. Muulize ulicheza namba ngapi, na unajaribu wapi tena. Akikosa jibu la swali la pili, kaeni mtafute naye.